Siku Moja Katika Mji wa Nairobi

Ndugu wasomaji, wahenga walisema ya kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini mtu aweza kuishi miaka mingi asione ila mtaa wake, na mwingine aweza kutembea nchi saba akarudi na habari za vyakula tu. Maana kuona si kazi ya macho peke yake. Nataka kuwasimulia habari za siku moja ambayo wanafunzi wa Temeke na Kinondoni, katika Dar es Salaam, waliitumia kuutazama mji wa Nairobi, mji mkuu wa Kenya, mwezi wa Juni mwaka 2023, nami nilikuwa pamoja nao kama mwalimu wao. Safari yenyewe haikuwa ya ajabu, kwa kuwa kila siku magari huenda na kurudi kwa njia ile ile. Naisimulia kwa sababu ya swali moja ambalo msichana mmoja aliliuliza mbele ya ukuta, na jinsi swali lile lilivyotufuata hata nyumbani.

Vijana walikuwa 24, wavulana 12 na wasichana 12, wote wa kidato cha tatu. Wengi wao hukaa Mbagala, Mtoni na Keko, na wachache hukaa Mwananyamala na Magomeni. Ninyi mlio mashambani huenda mkadhani ya kwamba mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam anaujua mji. Sivyo. Mtoto wa Mbagala huamka alfajiri akachota maji, akaenda shule, akarudi jioni amechoka. Na Jumapili huenda kanisa lililo karibu na kwao. Majumba marefu ya mjini huyaona kwa mbali, kama ninyi mnavyoiona milima. Wazazi wake ni wauza samaki, au mafundi seremala, au wapakizi wa bandarini, au akina mama wakaangao maandazi kando ya njia.

Wazazi hao walichanga fedha kidogo kidogo tangu mwezi wa Januari. Katika kikao chetu baba mmoja wa Keko, fundi seremala, alisimama akaniuliza, "Mwalimu, mtoto wangu akienda kutazama maghorofa ya watu, atarudi na nini?" Wengine wakacheka, lakini yeye hakucheka, nami naliona ya kuwa swali lake ni la haki, kwa kuwa fedha alizozitoa zilikuwa ujira wa meza mbili nzima. Nikamwambia, "Mzee wangu, akisharudi utamwuliza mwenyewe." Akakubali, akaketi.

Tuliondoka kungali giza. Tukapita Chalinze na Korogwe na Same, na jua lilipokuwa limepanda tukaiona milima ya Upare upande wa kuume, kisha Moshi na Arusha, mpaka tukafika Namanga, mahali pa mpaka. Hapo tangu mwaka 2018 maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jumba moja, na msafiri hufanya shughuli zake zote mle mle badala ya kusimama foleni huku na tena kule. Mvulana mmoja alisimama akatazama chini kwa muda mrefu. Nilipomwuliza anatafuta nini, akasema, "Natafuta ule mstari ulio katika ramani." Tukacheka sote, lakini baadaye niliwaza ya kwamba alikuwa amesema jambo kubwa, maana udongo haukuwa na alama yo yote, na mbuzi wa Wamasai walikuwa wakila majani pande zote mbili. Njia yote ni kadiri ya kilometa 900, na tulipofika Nairobi ilikuwa usiku. Tukalala katika nyumba ya wageni ya kanisa.

Asubuhi watoto wa pwani walikutana na baridi. Mji wa Nairobi umejengwa juu sana, zaidi ya meta 1,600 kupita usawa wa bahari, na mwezi wa Juni huko ni wa mawingu. Hata jina lake limetoka katika maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Wasichana walijifunga kanga mbili mbili juu ya sare zao. Mlangoni tulimkuta bawabu mzee, na watoto wote wakamwamkia kwa sauti moja, "Shikamoo babu!" Mzee yule alisimama, akavua kofia yake, akajibu, "Marahaba, wajukuu wangu, marahaba." Kisha akaniambia ya kwamba katika mji ule vijana wengi husalimiana kwa maneno mengine mafupi, na ya kuwa yeye hajaamkiwa hivyo tangu siku nyingi. Basi asubuhi ile watoto walijifunza ya kwamba jambo walifanyalo kila siku bila kufikiri laweza kuwa zawadi katika nchi ya mbali.

Walijifunza pia kwa kuyatazama magari ya abiria. Huko huyaita matatu, na kwetu ni daladala. Mzee yule aliwaeleza ya kwamba jina la matatu lilitoka katika nauli ya zamani, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Nami nikawaeleza ya kwamba jina la daladala lilitoka katika sarafu yetu ya shilingi tano, ambayo watu waliiita dala. Nauli zimepanda, sarafu zile hazinunui tena kitu, lakini majina yamebaki. Nawaomba mkumbuke neno hili la majina, kwa kuwa siku yote ile tulikuwa tukikutana nalo.

Kwanza tulikwenda Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni. Nairobi ni mtoto wa reli. Kazi ya kuitengeneza njia ya gari la moshi ilianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1899 reli ilifika katika kinamasi kile cha Wamasai, ikawekwa kambi. Na kambi ile ndiyo iliyokuwa mji. Mwaka 1901 reli ikafika ziwa la Viktoria. Watoto walipanda juu ya injini za kale, wakashika vyuma, wakauliza mambo ya moto na mvuke. Lakini kitu walichokipenda zaidi ni behewa moja la mbao. Katika behewa hilo, mwaka 1900, pale stesheni ya Kima, afisa mmoja wa polisi, Mwingereza, jina lake Charles Ryall, alikuwa akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamchukua, naye simba akaingia akamkamata akatoka naye dirishani.

Watoto waliisikiliza hadithi ile wamekodoa macho. Ndipo mvulana mmoja wa Mtoni akauliza, "Mwalimu, na hao wengine waliokufa katika kazi ya reli ni akina nani?" Nikawaambia habari ijulikanayo, ya kwamba vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa, kwa homa, na kwa kuhara, na kwa ajali, na wengine kwa simba. Yule mvulana akatazama tena behewa, akasema polepole, "Elfu mbili na mia tano, na sisi tumejua jina la mmoja." Wala hakusema kwa kumdharau marehemu Ryall, maana kifo chake kilikuwa cha kutisha. Alikuwa akihesabu tu, kama nilivyomfundisha kuhesabu.

Kutoka hapo si mbali hata penye kona ya barabara ya Haile Selassie na barabara ya Moi. Hapo pana bustani ndogo, yenye miti na viti, na watu wa mjini hukaa humo wakipumzika. Zamani mahali pale palikuwa na ubalozi wa Marekani. Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne u nusu asubuhi, watu waovu walileta gari lililojaa baruti wakalipasua nyuma ya jumba lile. Ghorofa iliyokuwa jirani ikaanguka yote. Watu wengi katika majumba ya karibu walikuwa wamekimbilia madirishani kwa kusikia kishindo cha kwanza, na mlipuko mkubwa ulipotokea vioo vikawapofusha. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, na walioumia walikuwa maelfu. Mama mmoja alifukiwa chini ya kifusi akiwa hai, na kwa sauti yake alimpa moyo mwenzake aliyefukiwa karibu naye. Mwenzake akaokolewa, mama yule waokoaji walipomfikia alikuwa amekwisha kufa.

Katika bustani ile pana ukuta, na katika ukuta yameandikwa majina. Watoto walisogea karibu. Hakuna aliyewaambia wanyamaze, lakini walinyamaza. Wakasoma majina ya Kikristo na ya Kiislamu, ya Kikuyu na ya Kijaluo na ya Kikamba, yote pamoja, kila mtu na jina alilopewa na wazazi wake. Hakuna mmoja kati ya vijana wale aliyekuwa amezaliwa mwaka 1998.

Hapo ndipo msichana mmoja wa Mwananyamala aliponigeukia. Alikuwa amesikia ya kwamba siku ile ile, dakika chache zikiachana, Dar es Salaam nayo ilipigwa. Akauliza, "Mwalimu, na wetu wameandikwa wapi?"

Ndugu wasomaji, huenda wengi wenu mnaikumbuka siku ile. Ubalozi wa Marekani katika Dar es Salaam ulikuwa barabara ya Laibon, katika Kinondoni, mahali ambapo msichana yule angeweza kufika kwa miguu kutoka kwao. Gari la waovu lilizuiwa kidogo na gari la maji lililokuwa penye lango, na kwa sababu hiyo waliokufa hawakuwa wengi kama Nairobi. Walikuwa 11, watu wa kazi za kila siku, na baadhi yao walinzi wa lango. Wala hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nikamwambia ya kwamba ukumbusho wao uko katika Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, pale mjini kwetu. Kisha nikauliza ni nani aliyeuona. Hakuna mkono ulioinuliwa. Tukasali sala fupi mahali pale kwa ajili ya wafu wa miji yote miwili, tukaondoka.

Adhuhuri tulipanda juu ya jumba la mikutano liitwalo kwa jina la Mzee Kenyatta, lililomalizika mwaka 1973. Lina ghorofa 28, na urefu wake ni meta 105. Liliwahi kuwa jumba refu kuliko yote ya nchi ile, na ingawa leo yapo marefu zaidi, huko Nairobi na kwetu pia, bado ndilo watu walitambulishalo mji. Kutoka juu tuliona njia, na bustani, na makanisa, na misikiti. Na mbali, mahali mji unapokwisha, tuliona mabati mengi yaliyobanana, yenye kutu, na moshi wa vyakula ukipanda. Kijana mmoja wa Mbagala alinyosha kidole akasema, "Kule ndiko kwetu." Wenzake wakamcheka, wakamwambia kwao ni mbali. Akajibu, "Najua. Lakini kila mji mkubwa una Mbagala yake, na watu wanaoujenga ndiko walalako."

Tuliposhuka tulikwenda barabara ya Kenyatta kutazama sanamu za shaba za askari wa vita vya 1914 hata 1918. Watoto waliozijua njia za mjini kwetu walistaajabu, kwa kuwa Dar es Salaam nayo ina sanamu ya namna hiyo katika njia panda ya Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, na fundi aliyezifanya ni mmoja, Mwingereza aitwaye James Alexander Stevenson. Ila ya kwetu ni askari mmoja, ameelekeza singe yake upande wa bandari. Na ya Nairobi ni watu watatu, na mmoja wao hana bunduki. Yeye ni mpagazi.

Nikawaeleza habari za wapagazi. Katika vita vile Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi zetu zisizokuwa na njia za magari, na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Basi chakula na risasi na mizinga vilichukuliwa juu ya vichwa vya watu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini mwao, kutoka pwani mpaka maziwa makuu. Makumi ya maelfu walikufa, wala si kwa risasi zaidi, bali kwa njaa, na kuhara, na homa, na baridi ya mvua. Waingereza waliliita jeshi lao la wapagazi Carrier Corps, na watu wetu wakalitamka neno hilo kwa namna yao: Dar es Salaam likawa Kariakoo, na Nairobi likawa Kariokor, mahali palipokuwa na kambi zao.

Hakuna mtoto wa Dar es Salaam asiyeijua Kariakoo. Huko hununuliwa sare na daftari na viatu vya Krismasi. Lakini siku ile, walipoambiwa ya kwamba ndani ya jina lile wamelala wapagazi, walitazamana. Tukaenda kula chakula chetu huko huko Kariokor, penye soko la vyondo na viatu vya ngozi na nyama ya kuchoma, na watoto walikula kwa adabu kuliko desturi yao.

Jioni katika nyumba ya wageni tulizungumza. Yule msichana wa Mwananyamala alisema ya kwamba siku nzima tulikuwa tukitembelea wafu wa namna tatu: vibarua wa reli, ambao tumejua hesabu yao bila majina, wapagazi, ambao hata hesabu yao haijulikani sawasawa, na wale wa mwaka 1998, ambao kila mmoja ana jina lake ukutani. Nikawaambia ya kwamba mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri ya kwamba wafu wa vita vile wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na wa Misri. Baadhi ya watawala wa wakati ule walidhani ya kwamba Mwafrika hataelewa maana ya jiwe la kaburi. Mvulana wa Mtoni akasema, "Nyanya yangu hupalilia makaburi kila Pasaka. Nani aliwaambia hatuelewi?" Hakuna aliyejibu.

Jumamosi iliyofuata, tulipokwisha kurudi, hatukukaa nyumbani. Tulipanda daladala Mbagala tukaenda Makumbusho ya Taifa, ambayo yalifunguliwa tangu mwaka 1940. Tukauona ukumbusho wa watu wetu 11. Kutoka Mbagala mpaka pale ni nauli ndogo. Lakini watoto walikuwa wamezunguka kwa njia ya Nairobi ili wafike. Siwalaumu. Mara nyingi mtu huona mlango wa nyumba yake vizuri akiwa amesimama uwanjani mwa jirani.

Baba yule wa Keko alimwuliza mwanawe kama tulivyopatana. Kijana hakumsimulia maghorofa. Alimwuliza babaye, "Baba, babu yako mzaa baba aliitwa nani, na alikufa wapi?" Fundi hakujua jawabu lote, akapiga simu kwa shangazi yake, bibi kizee aliyeko Unyamwezi. Bibi yule alisema ya kwamba mzee huyo hakufa kwao. Alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani, asirudi, na mkewe aliendelea kumwekea chakula jioni kwa muda wa mwaka mzima. Alilitaja jina lake. Kijana akaliandika katika daftari yake, na baba yake akaliandika kwa kalamu ya seremala nyuma ya mlango wa chumba. Silitaji hapa, kwa kuwa ni la ukoo wao. Baba yule alikuja kwangu baada ya ibada, akanishika mkono, akasema, "Mwalimu, zile meza mbili zimelipwa."

Basi, ndugu zangu mnaosoma gazeti hili vijijini, sina uwezo wa kuwapeleka wote Nairobi, wala si lazima. Lakini katika kila kijiji chenu wako wazee waliosikia kwa masikio yao habari za wale waliochukuliwa wasirudi. Na wazee hao wanakwisha. Ninyi mnajua kusoma na kuandika. Chukueni daftari, mwende kwao na sukari kidogo au tumbaku, mkawaulize: Nani alichukuliwa? Aliitwa nani, mwana wa nani? Alionekana mara ya mwisho wapi? Andikeni sawasawa jinsi wanavyosema, bila kuongeza, na mahali wasipojua acheni wazi. Kisha mpelekeni mchungaji wenu nakala moja, aiweke pamoja na kitabu cha ubatizo na kitabu cha maziko, na nakala nyingine ikae shuleni. Twaamini ya kwamba Mchungaji Mwema anawajua kondoo wake kwa majina, hata wale waliolala porini bila jiwe. Yeye hahitaji daftari zetu. Ni watoto wetu wanaozihitaji.